Mdogo Wangu Hajasusa

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri kwanza, maana nitakueleza polepole jinsi nilivyofikia uamuzi wa kukatwa tumbo katika umri ambao wenzangu wanajadiliana nani atawapeleka kliniki ya macho. Nilifundisha darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na tabia ya kueleza haijanitoka hata baada ya kustaafu. Ukiona narudia jambo, nivumilie. Sitaki upotee njiani.

Nianze na wivu, kwa sababu ndio uliotangulia. Daktari alikuja baadaye.

Kwa mama tulizaliwa wasichana wawili, mimi na mdogo wangu anayenifuata. Tulikuwa na mwili mmoja. Ninaposema hivyo nina maana kwamba fundi wetu wa nguo pale Kashaulili, mjini Mpanda, alikuwa ananipima mimi peke yangu, kisha anakata vitambaa viwili. Yeye aliolewa akaenda kuishi Dar es Salaam, lakini kukiwa na harusi au kipaimara katika ukoo, sare yake ilishonwa Mpanda kwa mwili wangu, ikapakiwa kwenye basi, na alipoivaa ilimkaa. Tulikuwa wanene, na kwetu hilo halikuwa jambo la kujadili. Mimi nilipenda tulivyofanana. Sikujua kama napenda mpaka siku tulipoacha kufanana.

Mumewe alifariki, watoto wake walikuwa wameshajitegemea, akanipigia simu kwamba anarudi nyumbani. Alinidokeza pia kwamba alifanyiwa operesheni ya tumbo kwa ajili ya uzito na sukari. Nikampa pole, nikadhani ni kidonda tu kinachopona. Siku ya kumpokea nikasimama stendi nikitafuta mwanamke wa umbo langu. Abiria wakashuka wote. Mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge kiunoni akanishika bega.

"Dada, unanipita?"

Nilimkumbatia, na mikono yangu ikakutana mgongoni kwake. Ilikuwa haijawahi kukutana. Hapo ndipo wivu uliponiingia, palepale stendi, kabla hata sijamuuliza habari za safari.

Nyumbani akafungua begi kubwa. "Nimekuletea nguo zangu zote. Zimenipwaya. Hutanunua nguo mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

"Basi mpaka ufe."

Tukacheka. Kesho yake nikavaa gauni moja kwenda kwenye kibanda changu cha vitenge sokoni. Jirani yangu anayeuza mchele akanizunguka na kusema, "Mwalimu, hilo limekukaa kama ulikatiwa wewe." Nikamwambia nilikatiwa mimi. Hakuelewa, na siku hiyo sikuwa na nguvu ya kueleza.

Baada ya siku chache watu sokoni wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama mdogo wangu anaumwa. Kwetu mtu mzima akipungua ghafla, watu hufikiria ugonjwa kwanza. Nikawaeleza, na nikueleze na wewe. Katika operesheni aliyofanyiwa, madaktari hupitisha vifaa vyembamba kwenye matundu madogo tumboni. Huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza bomba jembamba, umbo lake kama ndizi. Baada ya hapo mtu anakunywa vya majimaji tu kwa wiki kadhaa, kisha vilivyopondwa, kisha chakula cha kawaida lakini kidogo sana. Atameza vitamini maisha yake yote. Kuna hatari pia, ya kuvuja damu, ya mshono kuachia, ya damu kuganda miguuni, ndiyo maana hakuna daktari makini anayemfanyia mtu bila kumpima kwanza.

Wale wanawake walinisikiliza, wakatikisa kichwa. Muuza mchele akasema, "Kwa hiyo wewe unajua yote hayo na bado umekaa na mwili huo?" Alisema kwa utani. Sikucheka.

Sasa sikiliza habari ya Mwese, maana jambo lenyewe liko huko. Mama yetu anaishi vijiji vya milimani, Mwese. Gari la abiria linakufikisha senta, tena wakati wa kiangazi tu. Kutoka senta mpaka kwa mama ni pikipiki au miguu, na njia inapanda kama ukuta. Magoti yangu yalipoanza kugoma, nikawa naahidi kwenda. Niliahidi mavuno, nikaahidi Krismasi, nikaahidi Pasaka. Mama akawa sauti ya simu kwangu, tena simu ya kukatikakatika, maana mtandao kule unapatikana kwenye jiwe moja kilimani, juu ya nyumba.

Mdogo wangu alikaa kwangu wiki mbili, akapanda pikipiki akaenda kumsalimia mama. Akakaa. Akatuma mtu kuchukua begi lake.

Baada ya hapo habari zote za mama nikawa nazipata kupitia kwake. Mama analala vizuri. Mama anakandwa miguu na mafuta ya mawese. Mama amemwonyesha mpaka wa shamba la babu ulikopita zamani. Mpaka huo mimi, mtoto wa kwanza, sijawahi kuonyeshwa. Mdogo wangu alikuwa anasimulia kwa furaha, na mimi nikijibu "vizuri, vizuri," huku nakunja na kukunjua kitenge kilekile mezani. Sikumwonea wivu kiuno. Ukweli, kiuno nacho nilikionea, lakini kidogo. Nilionea wivu zaidi ule mgongo wa pikipiki uliompandisha mpaka kwa mama.

Ni yeye aliyeniunganisha na daktari wake. Nikapimwa hapa Mpanda moyo, sukari, damu na kifua, majibu yakatumwa. Siku tuliyozungumza kwa simu, daktari aliniambia kwamba umri peke yake haufungi mlango. Kinachoangaliwa ni moyo, mapafu, sukari, na kama mtu atayafuata masharti baada ya kutoka hospitali. Kwangu presha ilihitaji kutulizwa kwanza, na hatari ingekuwa kubwa kidogo kuliko ya kijana. Lakini inawezekana. Kisha akaniuliza swali.

"Mama, unataka ufanye nini ambacho sasa huwezi kufanya?"

"Nataka nipungue."

"Hilo ni jina la operesheni," akasema. "Nauliza baadaye, ukishapungua."

Akasema nifikirie, nimjibu kufikia Ijumaa, maana kuna nafasi ambayo angempa mtu mwingine.

Elewa hali yangu ilivyokuwa. Nilitaka mwili wa mdogo wangu. Sikuwa na uhakika kama nataka operesheni. Hivyo ni vitu viwili, na mtu mwenye wivu huviona kimoja.

Katikati ya wiki hiyo simu ikaita. Alikuwa mama mwenyewe, amesindikizwa na jirani mpaka kwenye jiwe la mtandao.

"Njoo," akasema. "Mdogo wako amenisusa."

Hapa lazima nikueleze desturi ya nyumba yetu, la sivyo hutaelewa uzito wa neno hilo. Kwa mama, mtoto hajibizani na mzazi. Akiwa na kinyongo, anamega matonge mawili tu, ananawa mikono na kuondoka. Huko ndiko kususa. Mzazi naye hamuulizi, kwani kumuuliza ni kujishusha. Anamwita mtoto mkubwa, naye anakaa kati yao na kuuliza nani kamkosea nani. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nikiwa na meno ya utoto.

"Amesusa tangu lini?" nikauliza.

"Tangu afike. Nikamchinjia kuku nimtulize. Akala kipapatio. Nikachinja mwingine, hakumaliza hata supu. Nimemkosea nini?"

"Mama, si alikwambia alifanyiwa operesheni?"

"Aliniambia. Si amepona? Mtu aliyepona anakula."

Mtandao ukakatika. Nikabaki nimeshika simu, na nakuambia ukweli, nilifurahi. Kumbe huko juu wanakoota moto pamoja hakuna amani. Kumbe bado nahitajika. Nikafunga kibanda, nikatafuta gari la Mwese siku iliyofuata.

Pale senta nikamfuata dereva wa bodaboda, mwanamume wa makamo mwenye koti zito. Akanitazama, akatazama tairi la nyuma.

"Mama, mlima ule na mzigo huu..."

"Mzigo gani? Sina begi."

Wenzake wakaangua kicheko. Akajikohoza. "Nilimaanisha barabara, mama yangu. Barabara ni mbovu."

Tukaelewana hivi: palipo tambarare napanda, palipo na mwinuko nashuka. Kwa hiyo kila penye mwinuko yeye alitangulia na pikipiki tupu, akanisubiri juu kama mchungaji anayemsubiri ng'ombe wa mwisho. Nami nikapanda kwa miguu, hatua, pumzi, hatua, mkono kwenye goti. Mara moja nilikaa kwenye jiwe na nikafikiri nirudi. Nilipomfikia akasema, kwa nia njema kabisa, "Kuna yule mama mwembamba wa huko juu, yeye huwa hashuki. Nampeleka mpaka mlangoni."

"Ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Akaniangalia vizuri. "Hamfanani."

Sentensi hiyo niliibeba mpaka juu. Ilikuwa nzito kuliko magoti.

Mama alikuwa jikoni. Amezeeka na amekuwa mdogo, lakini sauti yake bado inafika kwa jirani. Mdogo wangu akanipokea kwa kunishika mkono, akaniketisha kwenye kigoda, akaniletea maji. Alijua kila kitu kilipo. Alijua kata ya kunywea imetundikwa wapi. Nilimtazama anavyozunguka katika jiko la mama kama mwenye nyumba, nikajihisi mgeni aliyeletwa na shughuli.

Zamani tulikuwa tunakula sahani moja. Siku hiyo mama alitutenga, kila mtu sahani yake, ili ushahidi uonekane. Ugali wa muhogo, maharage, kuku wa tatu. Sahani yangu na ya mdogo wangu zilikuwa na vilima viwili sawasawa, kama zamani fundi alipokuwa akikata vitambaa viwili. Mdogo wangu akamega kidogo, akatafuna kwa muda mrefu, akamega tena. Kisha akanawa.

Mama akanitazama. "Umeona?"

Basi nikasogeza kigoda changu katikati yao. "Mdogo wangu, mama kakukosea nini?"

"Dada, na wewe?"

"Jibu. Mimi kazi yangu ni kuuliza."

"Hajanikosea."

"Kwa nini unaacha chakula chake?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?" mama akadakia. "Matonge manne? Hata mwari anayeona haya anakula kuliko hivyo."

"Mama, nilikwambia wamenipunguza tumbo."

"Tumbo naliona limepungua. Nauliza njaa iko wapi."

Hapo nikaelewa kosa lilipo. Mama alidhani wamepunguza tumbo la nje, mafuta, kama mtu anavyopunguza nyama kwenye paja la mbuzi. La ndani hakulifikiria. Nikaangalia ukutani. Mama analima vibuyu, na vile vya kata huvifunga kwa kamba ya gome vikiwa bado vichanga shambani, vikakua na shingo nyembamba. Nikatungua kibuyu kikubwa cha maziwa na kata moja ndefu.

"Mama, hili ndilo lilikuwa tumbo lake," nikasema nikimpa kile kikubwa. Nikamwekea shingo ya kata kwenye kiganja kingine. "Hili ndilo alilobakiwa nalo. Mimina maji uone."

Akamimina hasa. Alichota kwenye mtungi, akajaza ile shingo, ikafurika mara moja na kumlowesha miguu. Akajaribu tena.

"Na lile kubwa wameliweka wapi?"

"Wamelitupa."

"Wamemtupia mwanangu tumbo bila hata kunipigia simu?"

"Mama, simu haikupatikana," mdogo wangu akasema, tukacheka wote watatu, mama wa mwisho.

Kisha akaacha kucheka. "Na ukilazimisha kula?"

"Nitatapika. Nikizoea kulazimisha, linaweza kutanuka tena."

Mama akaweka vibuyu chini. "Nami nilikuwa nakulazimisha," akasema.

Nilikuwa nimemaliza kazi vizuri. Nilingoja, sijui nilikuwa nangoja nini, labda shukrani. Mama akainuka, akaingia ndani, tukamsikia anahamisha vitu. Akarudi na kibakuli cha bati chenye ua jekundu ambalo limebanduka nusu. Nikakitambua. Ndimo nilimolishwa uji, mimi, kabla mdogo wangu hajazaliwa. Nilidhani kilipotea miaka mingi.

Akakiosha, akachota uji wa jikoni, akaupoza kwa kuumimina huku na huku kati ya kikombe na kibakuli, akampa mdogo wangu. Akakaa karibu naye kuangalia anavyomeza. "Polepole," akawa anamwambia. "Hicho kitakuwa chako. Sitazidisha tena."

Nadhani unaona jinsi maelezo yangu yalivyofanya kazi. Nilipanda mlima nisuluhishe ugomvi, na kwa kibuyu na kata nikawa nimemrudisha mdogo wangu utotoni, mikononi mwa mama, na kibakuli changu nimempa.

Mama akakumbuka nipo. "Wewe mkubwa kula. Wewe hujawahi kunisumbua."

Nikala. Nilimaliza kilima changu chote, nikafuta mchuzi kwa tonge la mwisho. Sijui kama kuna chakula kitamu kuliko kile duniani. Kila tonge liliteremka na donge lake.

Baadaye, tukiwa tunachambua maharage, nikamweleza mama kwamba na mimi nimeitwa na daktari wa operesheni. Akanipima kwa macho.

"Na wewe? Kibuyu mimi nakifunga kikiwa kibichi. Wewe umeshakauka, watakufunga vipi?"

"Sifungwi, mama. Nakatwa."

"Uzeeni."

Nikamweleza aliyosema daktari kuhusu moyo na presha na masharti. Nilimweleza na hatari, sikuficha. Akasikiliza, mikono ikiendelea na maharage. Alipozungumza hakuniambia nifanye wala nisifanye. "Ukikatwa, ugali wangu ndiyo basi," akasema.

"Ndiyo basi. Kiasi cha kibakuli."

"Na ukiacha kukatwa?"

Nilikumbuka lile jiwe nililokalia njiani. Nilijua hesabu ya magoti yangu vizuri kuliko daktari. Kama mama asingesema neno kususa, nisingekuja. Na mwakani hata hilo neno halitanipandisha.

Asubuhi ya Ijumaa nikasema naenda kwenye jiwe la mtandao. Mdogo wangu akanifuata nyuma, akipunguza mwendo wake ili ulingane na wangu. Nilikuwa naona anavyopunguza. Hata huruma yake ilinikera.

Tulipopumzika katikati akasema, "Jana nilikuwa nakuangalia unavyokula. Tangu nifanyiwe sijawahi kula kwa mama hivyo, nikafuta sahani. Nilikuonea wivu, dada."

Ningepaswa kufarijika. Nilichofikiri ni kwamba hata wivu wake ni mwembamba kuliko wangu.

"Unajuta?" nikamuuliza.

"Sijuti. Lakini nina kiu ya kushiba. Wasikudanganye kwamba haipo. Siku za mwanzo nililia mbele ya kikombe cha supu." Kisha akaongeza, "Na mlima huu naupanda nikiongea."

Tukafika kwenye jiwe. Nilikaa kwanza, nikangoja moyo utulie, maana sikutaka daktari anisikie nahema. Chini yetu paa la mama lilikuwa linatoa moshi. Nikapiga.

"Nimepata jibu la lile swali," nikamwambia. "Kwa mama yangu kuna mlima. Nataka niupande nikiwa nyuma ya pikipiki, bila kushuka, mpaka mlangoni, kila mwezi, kabla mama hajafa."

"Hilo tunaweza kulifanyia kazi," daktari akasema. "Tuanze na presha. Masharti ya chakula unayaweza?"

"Nimeyaona yakiliwa mbele yangu. Nayaweza."

"Nani atakuwa nawe wiki za mwanzo?"

"Mdogo wangu," nikasema, bila kugeuka kumtazama.

Nilipokata simu, alikuwa amenikodolea macho. "Mimi? Na mama je?"

"Mama atakaa na mtoto wa mjomba wiki hizo."

"Dada, una roho wewe."

"Uji utanipikia wewe. Unajua unavyotakiwa uwe."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka taratibu, maana ananijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilitaka aniuguze kwa kuwa hakuna mwingine ninayemwamini na mwili wangu. Nilitaka pia atoke katika jiko lile kwa muda. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikujaribu kuyatenganisha.

Wakati wa kuondoka nikamuuliza mama kama kile kibakuli cha ua kina mwenzake.

"Ni kimoja tu," akasema. "Mtapokezana."

Sasa ninasubiri. Presha inateremka, dawa nameza kwa saa, na jioni natembea kutoka sokoni mpaka nyumbani kwa miguu, nikiwa nimevaa magauni ya mdogo wangu. Wivu bado upo. Akinipigia simu kunisimulia mama amecheka nini, bado nakunja kitenge.

Kama na wewe daktari anasubiri jibu lako, usimjibu ukiwa umekaa nyumbani. Nenda mpaka pale mwili wako unapokuzuia, kaa upumzike mpaka pumzi irudi, kisha mpigie ukiwa hapohapo, umwambie kwa sentensi moja unataka ufike wapi.